Wanubi wa Bombo hawakuletwa na Amin

Ukipanda matatu Kampala kuelekea Gulu, hazipiti kilomita 40 kabla ya kufika Bombo, na mara nyingi abiria wa pembeni atakwambia: "Hawa Wanubi waliletwa na Amin." Si kweli. Idi Amin alitwaa madaraka mwaka 1971. Wanubi walikuwa wameshazika mababu Uganda.

Asili yao ni askari wa Kisudani wa Emin Pasha, gavana wa serikali ya Misri kusini mwa Sudan, waliobaki karibu na Ziwa Albert baada ya vita vya Mahdi, kiongozi wa uasi wa Sudan, kuwakatia njia ya Khartoum. Mwaka 1891 Kapteni Lugard, ofisa wa kampuni ya Waingereza, aliwafuata huko Kavalli, akaafikiana na mkuu wao, Selim Bey, na kuwaingiza Uganda pamoja na wake, watoto na watumishi, maelfu ya watu. Wengi aliwaacha kwenye ngome za Toro, magharibi mwa Uganda. Baadaye Bombo ikawa makao ya kikosi cha Uganda cha KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza), na askari waliostaafu wakajenga papo hapo, kando ya kambi. Ndivyo mji ulivyoanza.

Katiba ya 1995 inawataja Wanubi miongoni mwa jamii zilizokuwa Uganda kufikia Februari 1, 1926.

Lugha yao, Kinubi, ni Kiarabu cha kambini kilichogeuka lugha ya mama ya watoto. Mwenyeji akikuuliza kama unataka "moyo", usishtuke: anakukaribisha maji. Yataletwa pengine na chakula kilichofunikwa kawa la rangi, kazi ya mikono ya kina mama wa hapo.