Mchane kwanza, ndipo umwogeshe

Mbwa aliyeletwa kliniki Jumamosi alikuwa msafi, ananukia sabuni ya maua. Tatizo lilikuwa nyuma ya masikio: mabonge mawili ya manyoya yaliyojisokota, magumu kama jamvi kuukuu.

"Daktari, mbona namwogesha kila Jumapili? Haya yanatoka wapi?"

"Yanatoka huko huko bafuni, mama."

Manyoya yakishatatizana, maji huyakaza zaidi. Nje yanaonekana yamekauka, kumbe chini ngozi imebaki mbichi, na kwa unyevunyevu huu wetu wa Dar haikauki upesi. Nilipoyanyoa yale mabonge kwa mashine, nilikuta ngozi nyekundu, imechubuka, inatoa majimaji. Ndiyo maana nawasisitizia wateja wangu: chana kwanza, hata kama mbwa ananuka vipi.

Mbwa wetu wa kienyeji mwenye manyoya mafupi hana makuu. Brashi ya mpira mara moja kwa wiki yamtosha. Kazi ipo kwa German Shepherd na wenzake wenye manyoya ya tabaka mbili, ya juu marefu na magumu, ya chini laini kama sufi ya mto. Wengi hupitisha brashi juu juu, mbwa akang'aa, wakaridhika. Wewe inua manyoya kwa mkono mmoja mpaka uone mstari wa ngozi, halafu chana yaliyo chini ya mstari huo. Teremsha mengine kidogo, chana tena. Anzia mapajani na nyuma ya masikio, maana ndiko kunakofungana sana.

Ukikuta fundo, usilivute. Bana manyoya kwa vidole kati ya fundo na ngozi, ili maumivu yasimfikie, kisha fumua kwa kitana cha chuma kuanzia nchani, ukirudi shinani kidogo kidogo, kama unavyofumua nywele za mtoto aliyekaa na msuko mwezi mzima. Mkasi weka mbali. Ngozi ya mbwa ni legelege, huinuka pamoja na fundo, na nimeshashona majeraha ya namna hiyo zaidi ya mara moja.

Mkono usio na brashi nao uwe kazini. Papasa ndani ya masikio, chini ya mkanda wa shingo, kwapani, katikati ya vidole. Kupe hupenda humo. Ukimpata, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, mvute moja kwa moja, mtumbukize kwenye spiriti. Usimpake mafuta ya taa, usimchome kwa kiberiti, usimpasue kwa kucha. Ukikuta wengi, kagua na nyufa za banda, kwa sababu kupe jike wa mbwa hutaga maelfu ya mayai humo ukutani. Mbwa mwenye kupe akikataa chakula na fizi zikapauka, usingoje kesho.

Hapa niseme jambo linaloniudhi. Kuna watu huogesha mbwa kwa dawa ya kuogeshea ng'ombe, wakiikadiria kwa macho. Nimepokea mbwa wa hivyo akipepesuka, mate yanamtoka, mapigo ya moyo yamepungua. Uliza kwanza dawa inayomfaa mbwa kwa uzito wake.

Ikifika Januari, wapo wanaoniomba nimnyoe German Shepherd kipara eti apate upepo. Huwa nakataa. Mbwa hupunguza joto zaidi kwa kuhema, ulimi nje, na manyoya yale humkinga na jua. Tena wengine yakishanyolewa huota upya kwa mabaka. Mtoe sufi iliyokufa kwa brashi, umwekee maji na kivuli, basi.

Kuoga, mara moja kwa mwezi inatosha kwa mbwa asiye na ugonjwa wa ngozi. Tumia shampuu ya mbwa, kwani ya watu humkausha ngozi akaanza kujikuna. Suuza mpaka maji yatoke bila povu, kisha mkaushe hadi ndani kwa taulo.

Kucha nyeupe ni rahisi, unauona mshipa wa waridi, unakata kabla yake. Zikiwa nyeusi, kata kancha tu, kidogo sana. Na kama ni nyeusi na mbwa mwenyewe hatulii, mlete, ni kazi ya dakika tano.