Je, wajua kwa nini kukuza kihesabio cha mtandao, namba inayohesabu data inayopita, kutoka biti 32 hadi 64 si kazi ya kuongeza nafasi tu?

Mfumo endeshi huweka hesabu ya kila kadi ya mtandao: baiti (kila moja ni biti 8) zilizoingia, zilizotoka, pakiti (vifurushi vya data) zilizotupwa. Kwenye mfumo endeshi wa Linux utazikuta ndani ya faili la /proc/net/dev. Kwa miaka mingi, mashine za biti 32, yaani zinazobeba tarakimu 32 za 0 na 1 kwa mkupuo, zilitunza hesabu hizo kwa namba za biti 32, ambazo kikomo chake ni 4,294,967,295. Ikiongezeka baiti moja tu, hesabu inarudi sifuri, kama mita ya kilomita ya gari la zamani.

Laini ya megabiti 100 kwa sekunde ikijaa, duru hiyo huisha kwa dakika 5.7. Ya gigabiti moja, sekunde 34. Kihesabio kikizunguka mara moja kati ya vipimo viwili, kutoa hesabu ya zamani kwenye mpya bado kunaleta jibu sahihi, mradi utoaji wenyewe ufanywe kwa biti 32. Kikizunguka mara mbili, hakuna wa kujua. Anayepima kila baada ya dakika tano kwenye gigabiti iliyojaa amepitwa na duru nane nzima.

Kwa nini basi waundaji wa mfumo hawakuweka biti 64 tangu mwanzo? Mimi niliamini kabisa kwamba walikuwa wanabana memori, na nikawaeleza wengine hivyo. Nilikosea. Piga hesabu: kukuza kihesabio kimoja kunagharimu baiti 4. Vihesabio 20 vya kadi moja ni baiti 80, na ujumbe mmoja wa SMS hubeba 140. Huenda baiti ziliwauma watu enzi za memori finyu, lakini haziwezi kueleza kwa nini shida iliendelea kwenye mashine zenye memori ya kumwaga.

Ugumu uko kwenye kusoma. Prosesa ya biti 32 kwa kawaida hubeba namba ya biti 64 kwa safari mbili, nusu ya juu na nusu ya chini. Fikiria mechi ya netiboli shuleni, matokeo yametundikwa kwa vibao viwili, makumi na mamoja. Ni 19. Unatazama kibao cha makumi, unaona 1. Kabla jicho halijafika cha pili, goli linaingia na mtunza vibao anabadilisha vyote: 20. Unasoma 0, unaandika 10. Ukianza na mamoja, unaandika 29. Timu haijawahi kuwa na 10 wakati huo, wala 29, na vibao vyenyewe havina kosa. Kwenye kihesabio, kosa la namna hiyo ni la baiti bilioni 4 nzima, na hutokea pale tu nusu ya chini inapojaa. Ndiyo maana ni gumu mno kulinasa kwenye majaribio.

Ungeweza kufunga mlango, mtunza vibao asubiri wasomaji wamalize. Lakini huyo ndiye anayepokea pakiti. Akisubiri, mtandao wote unasubiri. Dawa ya Linux, iitwayo u64_stats_sync, naipenda sana: kibao cha tatu, kidogo. Kabla ya kugusa matokeo, mtunza anaongeza moja, namba inakuwa witiri: mikono iko kazini. Akimaliza anaongeza moja tena, inakuwa shufwa. Msomaji anatazama kibao kidogo, ananakili matokeo, anakitazama tena. Kikiwa witiri au kimebadilika, anafuta na kuanza upya. Anayerudia kazi ni msomaji, kamwe si mwandishi.

Dawa hii ina sharti: mwandishi awe mmoja kwa wakati. Kwa hiyo madereva mengi ya kadi, yaani programu zinazoiendesha kadi, hugawa hesabu, kila kiini cha prosesa au kila foleni ya pakiti na vibao vyake, kisha msomaji anajumlisha.

Kwenye prosesa ya biti 64 namba yote hubebwa kwa safari moja, na kompaila, programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, hukiondoa kibao kidogo kabisa. Hapo gigabiti moja iliyojaa ingehitaji zaidi ya miaka 4,600 kukizungusha kihesabio. Kwenye ruta ndogo ya biti 32, kibao hicho bado kinageuzwa.