Vumbi lililogeuka ukuta chini ya shamba

Wiki iliyopita mwanafunzi wangu aliniletea bonge la udongo mkavu kutoka bonde la Msimbazi, limejaa nyufa. "Mwalimu, hii ndiyo fragipani?" Hapana. Udongo wa mfinyanzi wa Msimbazi hunywa maji ukavimba, kiangazi ukasinyaa na kupasuka. Masika yakirudi, nyufa zinajifunga. Fragipani, yaani tabaka gumu lililojificha chini ya udongo wa juu, ni habari nyingine, na imenikaa moyoni tangu niliposhuka kwenye shimo huko Tennessee magharibi, Marekani. Sururu ilizama vizuri mpaka karibu na kiuno, kisha ikadunda.

Cha ajabu, ukuta ule ulianza kama vumbi. Enzi ya barafu, mito iliyobeba maji ya barafu iliyoyeyuka iliacha tope jingi bondeni mwa Mississippi. Tope likikauka, upepo ulilipeperusha na kulimwaga juu ya vilima. Vumbi hilo huitwa loesi: chembe zake nyingi ni kati ya milimita 0.002 na 0.05, laini kuliko mchanga, kubwa kuliko za mfinyanzi.

Chekecha sembe ndani ya debe. Debe linajaa upesi, lakini ukiligonga sakafuni mara mbili tatu unga unashuka. Loesi nayo hutua hivyo: chembe zimeegemeana, katikati matundu matupu, na mfinyanzi kidogo umezishika kwenye viungo. Maji yakipenya, viungo vinalegea, na uzito wa udongo wa juu unaishindilia. Chembe ndogo zinajipenyeza kati ya kubwa. Udongo ukikauka unajikaza zaidi, mpaka sentimita moja ya ujazo inafikia gramu 1.6 hata 1.8. Shamba zuri huwa kwenye 1.3 hivi.

Kukauka huko ndiko kunakoleta nyufa. Tabaka linakatika kuwa nguzo nene zilizosimama. Ukilikwangua na kulitazama kutoka juu, unaona mchoro kama gamba la kobe. Nyufa hizi hazijifungi kama za Msimbazi, kwa sababu mfinyanzi wa kuvimba ni haba. Maji hushukia humo mwaka hadi mwaka, yanaondoa chuma, na kingo zinageuka kijivu cheupe.

Wapo wataalamu wanaosema silika, madini yale yale ya mchanga, ndiyo gundi ya tabaka hili. Huenda inasaidia, lakini mimi naipa nafasi ya kwanza ile kazi ya kushindiliwa. Chukua donge kavu la fragipani, gumu kama tofali, ulitumbukize kwenye glasi ya maji: linamong'onyoka. Lingekuwa limeshikwa na saruji ya kweli, lisingemong'onyoka.

Mkulima wa huko anaumia mara mbili. Mvua zikizidi, maji yanatuama juu ya tabaka na mizizi inakosa hewa. Jua likiwaka, mahindi yananyauka ingawa chini kuna unyevu, kwa kuwa mizizi haiwezi kutoboa nguzo zile. Niliivuta michache kutoka kwenye zile nyufa za kijivu: ilikuwa imebanwa bapa, kama utepe.