Rifle ikitawanya risasi, usikimbilie kuulaumu mtutu

Rifle ya kuwindia ikianza kutawanya risasi, maneno ya vijiweni hapa Dar es Salaam ni yale yale: mtutu umekwisha. Ni nadra. Mtutu wa .308 (kipimo cha risasi) uliotunzwa hustahimili maelfu ya risasi, na mwindaji wa msimu huchukua miaka mingi kuzifikisha.

Toa risasi zote, hakikisha chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, ni tupu, ndipo ushike bisibisi. Anza na skrubu za darubini. Zikilegea hata kidogo, shabaha huhama kila unapofyatua. Kisha zile zinazoifunga bunduki kwenye kitako. Fuata kipimo cha mtengenezaji, si nguvu ya mkono.

Kitako cha mbao kina kisa chake huku pwani. Hufyonza unyevu, huvimba, kikaanza kuusukuma mtutu. Dalili: risasi ya kwanza inapiga sawa, zinazofuata zinahamia upande mmoja kadiri mtutu unavyopata moto. Kama mtutu wako uliundwa usiguse mbao, pitisha karatasi katikati yake na kitako, kutoka mbele hadi karibu na chemba. Inapokwama ndipo penye kosa, na fundi mwenye leseni atapunguza mbao hapo.

Shaba ya risasi iliyoganda ndani ya mtutu nayo hutawanya risasi, na haitoki kwa mafuta ya kawaida. Inataka dawa ya kuyeyusha shaba. Kagua pia ukingo wa mdomo wa mtutu, maana kovu dogo hapo huyumbisha risasi inapotoka. Halafu jaribu aina nyingine ya risasi: tano tano, mita 100, ukiacha mtutu upoe.