Kidonge cha maumivu kinajuaje panapouma?

Hakijui. Ukimeza Brufen kwa ajili ya goti, dawa hiyo hiyo inafika gotini, kwenye figo, na hata kwenye kidole cha mguu kisicho na shida yoyote. Inafyonzwa zaidi kwenye utumbo mwembamba, inapita kwenye ini, kisha damu inaisambaza mwili mzima.

Mbona basi nafuu tunaisikia gotini tu? Kwa sababu huko ndiko kuna cha kuzuia. Seli zilizoumia hutoa kemikali ziitwazo prostaglandini, ambazo huvimbisha sehemu ile na kuamsha mishipa ya fahamu kiasi kwamba hata kuguswa kidogo kunauma. Kemikali hizo huundwa na kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha kazi za kikemia mwilini, chenye tundu ambamo malighafi huingia. Ibuprofeni, yaani dawa iliyomo ndani ya Brufen, hujipenyeza humo ikakaa, kama kijiti kilichochomekwa kwenye tundu la kufuli. Malighafi haipiti, prostaglandini zinapungua, goti linatulia.

Siri hii ilifichuliwa na mwanasayansi John Vane, mjini London, mwaka 1971 alipokuwa akichunguza aspirini, na mwaka 1982 akawa mmoja wa walioshinda Tuzo ya Nobel. Aspirini ilikuwa sokoni tangu 1899! Zaidi ya miaka 70 watu waliimeza, ikawasaidia, bila mtu kujua inafanyaje kazi.

Shida ni kwamba tumbo nalo linazihitaji prostaglandini: ndizo zinazochochea ute unaokinga ukuta wake dhidi ya asidi. Dawa isiyochagua mahali huzizuia huko pia, na ndipo vidonda vya tumbo vinapoweza kuanza kwa anayemeza dawa hizi kila siku. Wapo wanaokimbilia sindano ya diklofenaki, dawa ya jamii hiyo hiyo, wakidhani wamelikwepa tumbo. Hawajalikwepa, maana damu huifikisha dawa huko huko.

Aspirini ina tabia yake ya pekee. Ibuprofeni hukaa kwenye tundu saa chache ikaachia, lakini aspirini hukiharibu kimeng'enya moja kwa moja. Seli nyingine hutengeneza kipya. Chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, haziwezi kwa kuwa hazina kiini, sehemu ya seli yenye maelekezo ya kutengeneza kipya, hivyo hubaki hivyo hadi zife, siku 7 hadi 10. Ndiyo maana kabla ya upasuaji daktari huuliza kama umemeza aspirini siku za karibuni, hata kama ilikuwa ya kichwa tu.