Mgongo wa blanketi la viraka: usinunue shuka, fungua kiroba

Wanafunzi wangu wengi hapa Moshi wana tabia moja. Uso wa blanketi wataupamba hata miezi miwili, wakichagua kitenge kimoja baada ya kingine, wakipanga, wakipangua. Ikifika zamu ya mgongo, wanaomba ruhusa waende mjini kununua shuka. Nawazuia mlangoni. Chini ya meza yangu kuna kiroba kimejaa mabaki, na humo ndimo mgongo utakamotoka.

Sisemi hivyo kwa ubahili tu, ingawa ubahili nao umo. Sababu kubwa ni hesabu, na ukishaiona hutahitaji kushawishiwa.

Kitenge cha kawaida kina upana wa inchi 45 hivi. Kitanda cha sita kwa sita ni inchi 72 kwa 72. Ukitaka blanketi lining'inie inchi 10 kila upande, upana wake ni 92. Mgongo nao lazima uuzidi uso, maana tabaka tatu (uso, kijazio cha katikati na mgongo) zikianza kushonwa pamoja, kitambaa cha chini hujivuta kuelekea katikati. Mimi huongeza inchi 3 kila upande. Hapo tumefika 98. Sasa chukua mapana mawili ya kitenge, yafue, yapige pasi, kata ile kingo ngumu ya kiwandani pande zote. Utabaki na inchi 42 kila moja, yaani 84. Hazitoshi. Zinapungua 14, na kwa kuwa utaingiza kipande cha tatu utakuwa na mishono miwili, kila mmoja ukila inchi moja (nusu huku, nusu huku). Kipande cha katikati kikatwe inchi 16.

Basi mshono utakuwepo, utake usitake. Na kama lazima uwepo, kwa nini ile nafasi ya inchi 16 uijaze kitambaa kipya, na kiroba kipo? Huo mstari wa kutoka kichwani hadi miguuni ndio ninaouita mkanda, na karibu kila mgongo ninaoushona huanza nao.

Jambo la kwanza kuhusu mkanda: usiuweke katikati kabisa. Watu wengi hupenda katikati kwa sababu panaonekana pamenyooka, lakini ni mahali pabaya kwa sababu tatu. Blanketi hukunjwa katikati kila asubuhi, na mshono unaokunjwa kila siku palepale hulika haraka. Halafu uso wako nao huenda una mshono katikati. Mishono miwili ikikutana, sindano inakuta tabaka nene na aidha inaruka au inavunjika. Tatu, na hii ndiyo inayowaumiza wengi, mgongo uliopangwa sawa kwa sawa unakudai uulinganishe na uso kwa usahihi ambao hauwezekani ukiwa umepiga magoti kwenye sakafu ya saruji. Ukikosea inchi moja tu, kila mtu ataiona. Mkanda uliokaa theluthi ya upana, upande mmoja, hausemi kitu hata ukisogea inchi mbili. Kata pana moja la kitenge liwe jembamba na jingine liongezwe, au panga mapana mawili upande mmoja na mkanda karibu na ukingo mwingine. Zote zinakubalika.

Sasa kiroba chenyewe. Mafundi wa barazani hapa mjini wanatupa mali. Nenda jioni, salimia vizuri, omba mabaki. Wengi watakupa bure, na wengine watakuambia uje na mfuko wako. Kuanzia Desemba hadi Januari, wakati wa kushona sare za shule, utapata kaki, bluu na nyeupe mpaka uchoke. Msimu wa harusi utapata mabaki ya sare za ndugu na za kitchen party, na hayo mimi huyaweka pembeni kwa sababu wenyewe huja kuyatafuta baadaye.

Watu huchambua mabaki kwa rangi. Mimi nachambua kwa uzito kwanza, rangi baadaye kabisa. Kipande chepesi kikishonwa pembeni ya kizito, kile chepesi ndicho kitakachochanika, na kitachanika kando ya mshono. Khanga ni nyepesi kuliko kitenge cha waksi. Tetroni ya sare haipungui ikifuliwa, pamba inarudi. Ukivichanganya bila kuvifua kwanza, blanketi litakuwa zuri hadi siku ya kwanza kwenye beseni, kisha litajikunyata palipo na pamba na kuvimba palipo na tetroni. Kwa hiyo kila kinachoingia kwenye kiroba changu kinapita kwenye maji ya moto na sabuni kabla ya kitu kingine chochote.

Vitenge vingi sokoni siku hizi si pamba, hata kama muuzaji anaapa. Chomoa nyuzi mbili, toka nje, washa kiberiti. Pamba inaungua kama karatasi, inanuka karatasi, inaacha majivu laini. Poliesta inayeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Sikatazi poliesta mgongoni, ila usiipige pasi ya moto mkali, na usimwekee mtu anayetoka jasho usiku.

Rangi zinazochuja zinastahili onyo lao. Nyekundu na buluu iliyokolea ndizo wakorofi. Lowesha kipande, kilaze juu ya kitambaa cheupe chenye unyevu, kiache kikauke hapo. Kikiacha alama, kifue tena na ujaribu tena. Kikiendelea, hakifai kukaa nyuma ya uso wenye nyeupe. Chumvi na siki ambazo bibi zetu walituambia hazizuii kitu kwenye rangi hizi za viwandani.

Jinzi sitaki mgongoni. Najua inadumu, na mabaki yake ni mengi. Lakini hapa tunafua kwa mikono, na blanketi la sita kwa sita lenye jinzi likishalowa maji hulinyanyui peke yako. Jinzi iende kwenye mikeka ya watoto.

Mabaki ya fundi yana umbo baya: mapango ya kwapa, ncha za shingo, vipande vyembamba vya pembe tatu. Usijaribu kuyashona yalivyo. Chukua rula ndefu na chaki, tafuta mstari wa nyuzi zinavyokwenda, na kila kipande kikate kiwe na pembe nne zilizonyooka, hata kama utabaki na kidogo. Kipande kilichokatwa mshazari kinanyumbuka kama mpira. Kikikaa ukingoni mwa mgongo, ukingo mzima utacheza mawimbi na hutaweza kuunyoosha tena. Ukipenda sana ua lililomo kwenye kipande cha mshazari, lizungushie vipande vilivyonyooka pande zote nne, uzi wake ufungwe humo ndani.

Kisha panga chini, usishone bado. Mkanda wa inchi 16 haulazimiki kuwa safu ya matofali yanayolingana. Kipande kikubwa kikae peke yake, vidogo viunganishwe viwiliviwili au vitatuvitatu hadi vifike upana wa 16, kisha vyote vipandane kuelekea chini. Hapa ndipo watu hudhani kubuni papo hapo ni kushona chochote kinachokuja mkononi. Matokeo yake ni fujo, na fujo inachosha macho hata mgongoni. Shikilia kitu kimoja kisibadilike. Kwangu mara nyingi ni rangi moja tulivu, kaki ya sare au khanga nyeupe iliyochoka, inayorudi kila baada ya vipande viwili vitatu. Siku nyingine ni umbo: vipande virefu vyembamba tu, hakuna mraba. Ukishashika kimoja, vingine viache vitembee.

Wanawake wa Gee's Bend kule Alabama, Marekani, waliofanya hivi kwa nguo za kazi za shambani zilizochakaa, nao huanzia kwenye umbo. Mtindo wao unaoitwa Housetop ni vipande virefu vinavyozungushwa kuzunguka mraba wa katikati, mraba ndani ya mraba, na kila mshonaji huupindisha anavyotaka. Mwaka 2002 blanketi zao zilitundikwa ukutani kwenye jumba la makumbusho la Whitney, New York. Huwa nalitaja hili kwa wateja wanaoniambia mgongo wa viraka unaonekana wa kimaskini. Wakwe wakija wataliona, ananiambia mteja mmoja. Sawa, wataliona, na wageni wanaoteremka Kilimanjaro wakipita dukani huligeuza blanketi nyuma kabla ya kuuliza bei.

Kuna jambo jingine lililo karibu nasi zaidi ya Alabama. Katika jimbo la Karnataka, India, wanaishi Wasidi, ambao wengi wa mababu zao walipelekwa huko kutoka pwani hii ya Afrika Mashariki. Wanawake wao hushona blanketi za viraka ziitwazo kawandi, na namna yao ni kinyume cha yetu: mgongo ndio unaoanza. Wanatandika sari kuukuu ya pamba, kisha wanapachika vipande juu yake kuanzia kingoni, wakienda wakizunguka kuelekea katikati, na bandi (mshono rahisi wa mkono) hiyohiyo ndogondogo inashika kila kitu kwa pamoja. Pembeni hupachika vipande vidogo vilivyokunjwa vinavyoitwa phula, yaani ua. Nimejaribu njia hii kwa blanketi za watoto wachanga, nikitumia khanga nzima badala ya sari, na inafaa sana kwa asiye na cherehani. Khanga ina nafasi nzuri, kama sentimeta 150 kwa 110, inatosha kitanda cha mtoto bila kuungwa. Ombi langu ni moja, usikate jina. Mji ukatwe, pindo likatwe, lakini maandishi yabaki mazima, hata kama ni lazima upange mgongo wote kuyazunguka.

Turudi kwenye cherehani. Mshono wa mgongo uwe na nafasi ya nusu inchi, si ile robo inchi ya usoni, kwa sababu mgongo ndio unaovutwa mtu anapogeuka usiku. Punguza urefu wa hatua ya mshono kidogo; kwenye cherehani yangu ya miguu, Butterfly, nasogeza kile kijiti hadi mishono kama 12 kwa inchi. Kisha fungua mishono yote kwa pasi, upande huu na upande huu, isilazwe upande mmoja. Uso unaweza kulazwa, mgongo hapana, maana unene ukijikusanya ndio huko sindano inakogonga. Wenye pasi ya mkaa, weka kitambaa juu kwanza. Majivu yakidondoka kwenye khanga nyeupe utajuta.

Ukishona kwa mkono, punguza vipande mgongoni. Tumia vikubwa, vichache. Sindano ya mkono kupita kwenye uso, pamba, na mshono wa nyuma uliokunjwa ni mateso kwa vidole, na mishono itatoka mirefu mifupi.

Kwa katikati, mimi napendelea blanketi jembamba la mtumba kuliko faiba (kijazio laini cha poliesta) ya dukani. Faiba inahama: inahitaji ishikwe kwa mishono iliyo karibukaribu, inchi 4 hivi, la sivyo inajikusanya pembeni. Blanketi la mtumba limefumwa, linakaa hata mishono ikiachana inchi 8. Kwa baridi ya Juni na Julai hapa mjini linatosha. Anayelala Kibosho au Marangu, juu mlimani, aweke mawili.

Kupachika tabaka: mgongo uulaze sakafuni upande wake mzuri ukiangalia chini, kingo uzibandike kwa selotepu pana, umetanda bila kuvutwa. Weka alama ya nusu katikati ya kila ukingo wa mgongo, na kila ukingo wa uso, tandika kijazio na uso juu ya mgongo, kisha zilinganishe. Piga bandi kuanzia katikati kwenda nje, usianzie pembeni hata siku moja. Msaidizi akiwepo, ashike upande wa pili asiuvute.

Mwisho ni kingo. Wengi wetu tunaukunja mgongo uje mbele kuwa pindo, ni rahisi na inaokoa kitambaa. Lakini mgongo wa viraka una mishono ukingoni, na mshono uliokunjwa mara mbili unatoa vifundo vinavyosumbua mguu wa cherehani. Kwa hiyo kabla ya kuanza kupanga, amua: ukitaka kukunja, vipande vya kingoni viwe vya kitambaa kimoja kirefu, upana wa inchi 6 au zaidi, na mkanda wa viraka uishie hapo juu na chini. Usipotaka, kata utepe wa kitenge wa inchi 2 na nusu, ukunje katikati, ushone usoni, ugeuze nyuma, umalizie kwa mkono. Unavyochukua muda! Lakini ukingo ndio wa kwanza kuchakaa, na utepe unabadilishwa bila kugusa mgongo.

Vipande vilivyobaki vidogo kuliko vidole viwili sivishoni tena. Vinaingia kwenye mito, na kiroba kinarudi chini ya meza.