MRI ya ubongo katika MS inayoendelea: picha inaonyesha nini na inaficha nini

Katika multipo sklerosisi (MS), kinga ya mwili hushambulia mayelini, utando unaofunika nyuzi za neva. Kwa baadhi ya wagonjwa ulemavu huongezeka kidogo kidogo bila mashambulizi ya wazi, ama tangu mwanzo, ama baada ya miaka ya mashambulizi na nafuu. Hii ndiyo MS inayoendelea, na wenye hali hii ndio wanaochanganywa zaidi na majibu ya MRI, yaani picha za ndani ya mwili zinazopigwa kwa sumaku.

Dhana: Madoa meupe yakiwa mengi, ulemavu nao ni mkubwa

Madoa hayo ni sehemu zilizoathirika zinazong'aa kwenye picha. Uhusiano upo, ila ni dhaifu. Doa dogo kwenye shina la ubongo, ambako njia za neva za miguu zimebanana, laweza kumnyima mtu mwendo. Madoa makubwa sehemu ya mbele ya ubongo yanaweza yasiguse miguu kabisa. Tena weupe hausemi kilichotokea ndani: uvimbe, mayelini iliyobanduka na nyuzi zilizokatika vyote hung'aa vilevile.

Kipimo cha ulemavu nacho kina upungufu wake. Kipimo kinachotumika, EDSS, huanzia 0 hadi 10, na kuanzia alama ya 4 hutegemea zaidi mwendo. Alama ya 6 ni mtu anayehitaji fimbo kutembea kama mita 100. Kumbukumbu iliyofifia na uchovu mzito havipewi uzito vinaostahili.

Dhana: Hakuna doa jipya, basi ugonjwa umelala

Hii ndiyo inayowaumiza watu zaidi, kwa kuwa mgonjwa anayesema anazidi kudhoofika huonekana kama anatia chumvi. Dawa ya gadolini inayodungwa kabla ya picha hung'arisha mahali ambapo kuta za mishipa ya damu zinavuja, na mng'ao huo hudumu wiki chache tu. Katika MS inayoendelea, uvimbe mwingi umejifungia ndani ya ubongo, nyuma ya kuta zisizovuja. Baadhi ya madoa ya zamani huzungukwa na ukingo wa seli za kinga zilizobeba madini ya chuma, nayo hupanuka taratibu. Ukingo huo huonekana kwa picha maalumu zinazohisi chuma. Madoa ya gamba la ubongo (tabaka lake la nje) mengi hayaonekani kwenye MRI ya kawaida, na wakati huohuo thalamasi, kituo cha kupitishia taarifa kilicho katikati ya ubongo, inaweza kuwa inasinyaa.

Kwa hiyo mwili upimwe pia: muda wa kutembea mita 7.6, na muda wa kuchomeka na kuchomoa vijiti tisa kwa kila mkono. Muda ukiongezeka kwa asilimia 20 au zaidi, kwa kawaida huhesabiwa kuwa badiliko la kweli. Kwanza ondoa shaka ya maambukizi ya njia ya mkojo, homa na joto kali. Mambo hayo hudhoofisha miguu kwa muda bila doa lolote jipya.

Dhana: Ubongo umesinyaa kuliko picha iliyopita, dawa imeshindwa

Si lazima. Ubongo wa mtu mzima mwenye afya hupungua takriban asilimia 0.1 hadi 0.3 kwa mwaka. Wenye MS mara nyingi hupoteza asilimia 0.5 au zaidi. Tofauti ndogo hivyo hupotoshwa kirahisi na mashine nyingine, upungufu wa maji mwilini au dawa za steroidi. Hata dawa inayofanya kazi hupunguza ujazo katika miezi 6 hadi 12 ya kwanza, kwa sababu uvimbe unatoka. Omba mashine ileile, nguvu ileile ya sumaku (tesla 1.5 au 3) na vipande visivyozidi milimita 3. Tunza CD yenye picha zenyewe. Ripoti ya karatasi haitoshi kulinganishia.

Dhana: Picha ya kichwa inatosha

Ugwe mgongo (kamba ya neva iliyo ndani ya uti wa mgongo) ulio shingoni ukisinyaa, mara nyingi huendana zaidi na ulemavu wa mwendo kuliko idadi ya madoa kichwani. Uliza kama shingo imepigwa picha.

Dhana: MS inayoendelea haina dawa

Dawa ya okrelizumabu iliidhinishwa Marekani mwaka 2017 kwa MS inayoendelea tangu mwanzo. Katika jaribio lake ilipunguza hatari ya ulemavu kuongezeka kwa asilimia 24 ikilinganishwa na dawa bandia (isiyo na tiba ndani yake, inayotumiwa kulinganishia), na ubongo ulisinyaa kwa asilimia 0.90 badala ya 1.09 kati ya wiki ya 24 na ya 120. Hairudishi nyuzi zilizokwisha kukatika.